UCHAMBUZI: Njia ya biashara ikifungwa Kivu, msaada wa wakimbizi nao hukwama

WAASI wa M23 walipoingia mjini Goma tarehe 27 Januari 2025, vitu vitatu vilisimama karibu kwa wakati mmoja. Ndege hazikutua tena, benki zilifunga milango, na maghala ya mashirika ya misaada yaliporwa.

Kwa familia nyingi zilizokuwa zimekimbia mapigano, sahani ya kwanza ya chakula baada ya risasi kunyamaza haikutoka kwenye lori lenye bendera. Ilitoka kwa jirani, kwa parokia, kwa ndugu aliyetuma pesa kwa simu, au kwa muuza unga aliyekubali kuandika deni kwenye daftari.

Umoja wa Mataifa ulitaja idadi ya waliouawa katika mapigano ya Goma kuwa karibu watu 3,000. Waliobaki hai walihitaji kula siku hiyo hiyo, na hapo ndipo ulipojitokeza ukweli ambao wafanyabiashara wa mpakani wanaujua siku nyingi: mashariki mwa Kongo, njia ya biashara na njia ya msaada ni njia moja. Anayeifunga moja ameifunga na ya pili.

Ukweli huo unawahusu wenye malori, wenye maboti, wauza nafaka na mawakala wa forodha kutoka Goma hadi Kigoma. Wao ni sehemu ya kazi ya misaada, wapende wasipende, na mara nyingi wanaifanya kwa mtaji wao wenyewe.

Kambi ya kwanza ni nyumba ya mtu

Picha inayoonyeshwa duniani ni ya mahema meupe. Mahema hayo yalikuwepo. Kabla ya Januari 2025, kambi za Kanyaruchinya, Bulengo, Lushagala, Rusayo na nyinginezo zilizouzunguka mji wa Goma zilikuwa na zaidi ya nusu milioni ya watu. Hata hivyo, katika Kongo nzima, ambako Umoja wa Mataifa ulihesabu wakimbizi wa ndani zaidi ya milioni 6, wengi wao hawakai kambini. Wanakaa katika familia za wenyeji.

Maana yake kwa mwenye nyumba ni rahisi kuieleza na ngumu kuibeba. Nyumba ya vyumba viwili iliyokuwa na watu 7 inakuwa na watu 14. Sufuria inakuwa kubwa, lakini mshahara, shamba au meza ya sokoni inabaki ile ile. Waswahili wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tatizo ni kwamba mgeni wa vita amelikimbia shamba lake, na mwenyeji wake naye pengine hawezi kulifikia la kwake.

Mwezi Februari 2025 mzigo huo uliongezeka ghafla. Wakuu wapya wa Goma waliwapa wakazi wa kambi muda wa saa 72 kuondoka na kurudi makwao. Mamia ya maelfu ya watu walitoka katika siku chache. Baadhi walirudi Masisi, Rutshuru na Nyiragongo na kukuta nyumba zimebomolewa. Wengine waliishia katika shule, makanisa na nyumba za watu. Kambi zikavunjwa, lakini wakimbizi hawakuisha. Walihama tu kutoka kwenye orodha za mashirika na kuingia kwenye vyumba vya wenyeji, mahali ambapo ni vigumu zaidi kuhesabiwa.

Wenyeji wa Goma si wageni wa kazi hii. Mwaka 1994 mji wao ulipokea mamia ya maelfu ya Wanyarwanda. Volkano ya Nyiragongo ilipolipuka mwaka 2002, na tena tarehe 22 Mei 2021, wao ndio waliokuwa wakimbizi, wakapokelewa Gisenyi, Sake, Minova na Bukavu. Kwa hiyo kupokea mtu kwao ni deni linalozunguka. Anayetoa leo anajua kuwa kesho huenda akaomba.

Ndiyo maana makundi ya mtaani huanza kazi kabla ya mkutano wowote wa wafadhili. Parokia zina Caritas, na Msalaba Mwekundu wa Kongo una vijana wa kujitolea mitaani. Vijana wa Goma Actif walianza kuchangishana chakula na nguo wakati wa matatizo yaliyopita mjini humo. Akina mama wa sokoni wana vyama vyao vya kuweka na kuzungusha fedha, vinavyojulikana Kongo kwa jina la likelemba. Fedha zilizokusanywa kwa ajili ya kuongeza mtaji wa mwanachama zikihitajika kwa sanda, dawa au nauli ya kukimbia, huenda huko.

Sake, Minova na boti ya Kituku

Njia zilianza kubanwa mapema, mwaka mmoja kabla ya mji wenyewe kuanguka.

Goma haijilishi. Maharage, viazi, mahindi, maziwa na jibini hutoka Masisi na Rutshuru kwa barabara, na mazao mengine hutoka Kalehe kupitia Minova. Bidhaa za viwandani huingia kutoka Rwanda kupitia Gisenyi, na kutoka Uganda kupitia Bunagana. M23 waliiteka Bunagana tarehe 13 Juni 2022. Mwanzoni mwa 2024 mapigano yakaikata barabara ya Sake. Mji wenye wakimbizi zaidi ya nusu milioni ukawa umezungukwa pande za nchi kavu.

Mizigo ikahamia majini. Boti kati ya Minova na bandari ndogo za Goma zikabeba kile ambacho zamani kilipita kwa lori. Tarehe 3 Oktoba 2024, boti iliyojaa kupita kiasi ikitokea Minova ilizama karibu na Kituku, mbele ya macho ya watu waliokuwa wakiisubiri ufukweni. Makumi ya abiria walikufa. Wengi walikuwa wachuuzi na wasafiri wa kawaida ambao barabara ingekuwa wazi wasingepanda boti ile.

Ajali hiyo huandikwa katika hesabu za usalama wa majini, na ni sawa. Lakini ina sehemu yake pia katika hesabu ya vita. Njia inapofungwa, mzigo hautoweki. Unahamia njia mbaya zaidi, yenye nauli kubwa zaidi na ulinzi mdogo zaidi. Mwenye kulipa tofauti hiyo ni mlaji wa mwisho, ambaye katika mwaka ule alikuwa mara nyingi ni mkimbizi au aliyempokea.

Minova nayo ilianguka tarehe 21 Januari 2025, siku chache kabla ya Goma. Katikati ya Februari ikafuata Bukavu, pamoja na uwanja wa ndege wa Kavumu. Kwa hiyo mashirika yalipopoteza ndege, yalibakiwa na njia zile zile za wafanyabiashara: mpaka wa Gisenyi, barabara za Uganda na maji ya ziwa Kivu.

Mwezi Julai 2025 Uganda iliamua kufungua tena vituo vya Bunagana na Ishasha. Mwezi Oktoba mwaka huo, mkutano wa Paris ulitangaza kwamba uwanja wa ndege wa Goma utafunguliwa kwa ndege za misaada. Waasi walijibu kuwa hawakushirikishwa katika uamuzi huo. Tofauti ya mambo haya mawili inafundisha. Kufunguliwa kwa mpaka kulimfikia mchuuzi mara moja. Tangazo la Paris lilikuwa na uzito wa kisiasa, lakini tangazo peke yake halipakuliwi ghalani.

Fedha nazo ni mzigo

Katika mikasa mingi ya miaka hii, mashirika yamepunguza kugawa magunia na kuongeza kugawa fedha, ili mkimbizi anunue mwenyewe sokoni. Mpango huo una faida kwa wote. Mkimbizi anachagua mahitaji yake, na mfanyabiashara wa eneo hilo anauza.

Lakini fedha nazo zina barabara yake. Benki za Goma zilipofungwa Januari 2025, noti zikaadimika. Mishahara haikutoka. Wenye akaunti walivuka kwenda Gisenyi kutafuta namna ya kutoa pesa zao. Mwezi Aprili 2025 M23 walifungua tena ofisi ya benki ya akiba ya CADECO mjini humo chini ya usimamizi wao, hatua ambayo haikumaliza tatizo la noti.

Pengo hilo lilizibwa na simu. M-Pesa, Airtel Money na Orange Money ziligeuka kuwa benki ya mji, na wakala wa mtaani akawa mhasibu wa misaada. Ndugu aliye Kinshasa, Kampala, Nairobi au Ulaya alituma, na aliye Goma alipokea. Hata hivyo, salio la simu haliwi unga mpaka pawe na wakala mwenye noti au muuzaji anayekubali kulipwa kwa simu. Noti zikiadimika, gharama ya kuzitoa hupanda. Noti ya dola iliyochanika kidogo, ambayo Kongo hukataliwa hata wakati wa amani, inakuwa karatasi tu mkononi mwa mtu mwenye njaa.

Hapo ndipo daftari la madeni la muuza duka linapofanya kazi ambayo haiandikwi katika ripoti yoyote. Anayekopesha kilo 5 za unga kwa familia iliyofika jana amefanya kazi ya msaada. Tofauti yake na shirika ni kwamba shirika likikosa fedha hupunguza mgawo. Yeye akikosa fedha, duka linafungwa, na wanaomtegemea wanakosa mahali pa kukopa na pa kununua kwa pamoja.

Vizuizi vinakula sahani ya nani?

Mwaka 2017 watafiti wa taasisi ya IPIS ya Ubelgiji walihesabu vizuizi vya barabarani 798 katika majimbo mawili ya Kivu. Baadhi vilikuwa vya makundi yenye silaha, na vingi vilikuwa vya watumishi wa dola yenyewe, wakiwemo wanajeshi. Ramani ya wanaoshika vizuizi imebadilika sana tangu wakati huo, lakini desturi ya kumtoza kila anayepita ni ya zamani kuliko vita hivi.

Ili kuona maana yake, uchukuliwe mfano wa hesabu tu. Lori limebeba tani 10 za unga. Njiani lina vizuizi 12, na kila kimoja kinachukua dola 20. Jumla ni dola 240, yaani dola 24 kwa tani, au dola 1.20 kwa kila gunia la kilo 50. Kwa mwenye lori hiyo ni gharama ya njia, na ataiweka kwenye bei. Familia ya watu 14 inayokula kilo 4 za unga kwa siku itakula kilo 120 kwa mwezi, na itakuwa imelipia vizuizi karibu dola 3. Kwa kibarua anayepata dola 2 kwa siku, hiyo ni zaidi ya siku moja ya kazi, na hajanunua bado chumvi wala makaa. Mfano huu haujahesabu siku ambazo lori lililala njiani, wala mzigo ulionyeshewa mvua.

Kwenye mpaka rasmi mambo hayakuwahi kuwa mepesi pia. Amri ya serikali ya Kongo ya mwaka 2002 ilisema kuwa huduma nne tu ndizo zinazopaswa kukaa mpakani: forodha, uhamiaji, ukaguzi wa bidhaa na afya. Wanaovuka kila siku wanajua kuwa idadi ya meza wanazokutana nazo mara nyingi imekuwa kubwa kuliko hiyo. Baada ya 2025 kumeongezeka tatizo jipya. Mzigo uliotozwa kodi na utawala wa waasi ukiingia eneo la serikali hudaiwa tena, na mwenye mali hulipa mara mbili kwa bidhaa moja.

Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Sheria ya forodha ya jumuiya hiyo ya mwaka 2004 inatoa msamaha wa ushuru kwa bidhaa za dharura zinazoingizwa na serikali au na shirika la misaada lililokubaliwa. Mchuuzi anayebeba kilo 30 za unga kichwani kuwapelekea watu waliolala sebuleni kwake hayumo katika msamaha wa namna hiyo. Kwa karatasi, yeye ni mwagizaji. Kwa vitendo, pengine ndiye anayewalisha watu wengi zaidi.

Magunia yaliyoporwa na bei ya soko

Katikati ya Februari 2025, Mpango wa Chakula Duniani (WFP) ulisema kuwa maghala yake ya Bukavu yamepotelewa na karibu tani 7,000 za chakula. Kwa msafirishaji hiyo ni picha rahisi: malori zaidi ya 230 ya tani 30 kila moja.

Chakula kilichoporwa hakiishii kuliwa na walioiba. Sehemu yake huingia sokoni kwa bei ya kutupa. Kwa siku chache mlaji anafurahi. Lakini muuza unga aliyeleta mzigo wake kwa mkopo, akalipa ushuru na vizuizi, hawezi kushindana na gunia ambalo halikununuliwa. Akiuza kwa hasara hana mtaji wa safari inayofuata. Magunia ya wizi yanapokwisha, soko linabaki halina mwagizaji, na bei inaruka kuliko ilivyokuwa.

Kuna hatari ya kisheria pia. Gunia lenye nembo ya shirika na maneno kwamba haliuzwi ni ushahidi unaotembea. Mfanyabiashara anayelikuta kwa bei nzuri na kulipakia kwenye lori lake pamoja na mzigo halali anaweza kuupoteza mzigo wote, na jina lake, kwa faida ya siku moja.

Na bado haifai kuwapaka wafanyabiashara mafuta. Vita vya panzi ni furaha ya kunguru, na kunguru hawakukosekana. Watu wanapokimbia, nauli ya pikipiki na boti hupanda mara dufu kwa saa chache. Wapo waliofungia unga ghalani wakisubiri bei. Wapo waliowakodisha wakimbizi vibanda kwa kodi ya nyumba. Baadhi ya kupanda huko ni gharama halisi: mafuta yameadimika, njia ni ya hatari, na chombo kinaweza kutaifishwa. Baadhi ni tamaa tu. Masoko ya mpakani ni ya watu wanaojuana, na muuzaji aliyemkamua mkimbizi mwaka huu atakutana naye akiwa mteja mwaka ujao.

Upande wa Tanganyika

Baada ya Bukavu kuanguka, mkondo wa watu ulielekea kusini, kwenye bonde la Ruzizi. Kufikia mwanzo wa Machi 2025, watu takriban 60,000 walikuwa wamevuka kuingia Burundi, baadhi wakipita mtoni kwa kuogelea au kwa kushikilia chochote kinachoelea. Wengi walifikia uwanja wa michezo wa Rugombo, mkoani Cibitoke, kabla ya serikali na UNHCR kuanza kuwahamishia Musenyi, kusini-mashariki mwa nchi. Wengine walikaa na wenyeji ambao wenyewe walikuwa wakiishi na uhaba wa mafuta na wa fedha za kigeni.

Tarehe 4 Desemba 2025, marais wa Kongo na Rwanda walitia saini makubaliano ya amani mjini Washington. Siku 6 baadaye M23 walikuwa Uvira. Burundi ikafunga mpaka upande wa Gatumba. Umoja wa Mataifa ulisema kuwa watu wapatao 200,000 walikuwa wameyahama makazi yao katika siku chache, na waliovuka kwenda Burundi mwezi huo walizidi 80,000. Waasi walitangaza baadaye mwezi huo huo kuwa wataondoka mjini humo, lakini soko la Uvira lilikuwa limekwisha kuvurugika.

Kwa wasafirishaji wa Kigoma, Bujumbura na Kalemie, Uvira si jina la habari tu. Bandari yake ya Kalundu ni mlango wa saruji, mafuta, unga na vifaa vinavyopita ziwani kwenda Kivu Kusini. Mlango huo unapofungwa, mashua huelekea Baraka na Kalemie, ambako ndiko pia wakimbizi walikoelekea. Mahitaji na mizigo hufika pamoja katika bandari ndogo zisizo na maghala ya kutosha.

Kigoma inalijua jambo hili kwa muda mrefu. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo waliovuka ziwa. Tangu wakati huo vita vya ng'ambo vimekuwa vikionekana Kigoma kwanza kama idadi ya watu wanaoshuka kwenye mashua, na kisha kama bei ya dagaa, mawese na nauli.

Wafadhili walipopunguza

Kuna sababu nyingine iliyoutupa mzigo kwa wenyeji. Mwaka 2024, Marekani ilitoa karibu asilimia 70 ya fedha za misaada ya kibinadamu zilizopatikana kwa ajili ya Kongo. Tarehe 20 Januari 2025, wiki moja tu kabla ya Goma kuanguka, serikali mpya ya nchi hiyo ilisimamisha misaada yake ya nje. Mwezi uliofuata Umoja wa Mataifa uliomba dola bilioni 2.54 ili kuwasaidia watu milioni 11 nchini Kongo, huku mfadhili mkubwa akiwa tayari ameanza kuondoka mezani.

Ikumbukwe kuwa mwaka 2016, katika mkutano wa Istanbul, wafadhili na mashirika makubwa waliahidi kuwa ifikapo 2020 robo ya fedha za misaada zingepelekwa kwa mashirika ya wenyeji kwa njia ya moja kwa moja kadiri iwezekanavyo. Ahadi haikutimizwa. Shirika la wenyeji limebaki kuwa kibarua wa shirika la nje: linapewa kazi ya kugawa, halipewi fedha za kuendesha ofisi, na mkataba ukikatwa halina akiba.

Mfanyabiashara anayeuzia misaada yuko katika hali hiyo hiyo. Akipewa agizo la tani 50 za maharage, hununua kwa fedha yake, hupakia, hufikisha, kisha husubiri malipo. Mkataba ukisimamishwa katikati, kama ilivyotokea kwa miradi mingi mwaka 2025, yeye ndiye anayebaki akiwa ameufadhili msaada huo, na riba ya mkopo inaendelea kukua.

Nini kinawezekana

Amani haiko mikononi mwa wenye malori. Lakini kuna mambo ambayo hayahitaji kusubiri saini nyingine ya marais.

Kwanza, mikataba. Agizo la misaada lisikubaliwe kwa maneno. Liwe na malipo ya awali, tarehe ya malipo yaliyosalia, na kifungu kinachosema nani analipa lori likizuiliwa njiani au mradi ukifutwa. Wafanyabiashara wadogo wakiagizwa kwa pamoja kupitia chama chao wanaweza kudai masharti hayo. Mmoja mmoja hawana nguvu.

Pili, karatasi. Mzigo wa misaada usichanganywe na wa biashara katika lori moja, hata kama nafasi ipo. Ankara, hati ya shehena na barua ya shirika vikae pamoja, na dereva awe na nakala zake.

Tatu, vikwazo vya kimataifa. M23 waliwekwa kwenye orodha ya vikwazo ya Umoja wa Mataifa tarehe 31 Desemba 2012. Azimio la 2664 la Baraza la Usalama, la Desemba 2022, linatoa nafasi kwa kazi za misaada zisihesabiwe kuwa ukiukaji wa kuzuia mali. Kinga hiyo imekusudiwa kwa kazi ya misaada, na haimfuniki kila anayepita na bidhaa zake. Anayeuza nje, hasa madini, kahawa au kakao, ana sababu ya kutaka ushauri kabla ya kuona benki yake ya nje ikiuliza maswali.

Nne, mipaka midogo. Serikali za Rwanda, Uganda, Burundi na Kongo zinapojadili usalama, kipimo kimoja kingetosha kuanzia: mwenye mzigo wa kichwani na wa baiskeli apite, hata siku ambayo malori yamezuiliwa. Kufunga mpaka kabisa hakumzuii mwenye bunduki, ambaye ana njia zake. Kunamzuia mama wa unga.

Tano, mashirika yanunue karibu. Penye soko linalofanya kazi, fedha na ununuzi wa eneo hilo huacha mtaji nyuma. Pasipo na soko, magunia yaletwe, na wafanyabiashara waambiwe mapema kiasi gani kinakuja na lini, ili wasiagize mzigo utakaowaozea.

Mwisho, familia zilizopokea wageni zihesabiwe. Mgawo unaompa mkimbizi na kumruka mwenye nyumba hugeuza ukarimu kuwa ugomvi, na nyumba iliyokuwa kambi ya bure inafunga mlango.

Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Watu wa Kivu wameonyesha moyo huo kwa zaidi ya miaka 30. Lakini moyo haujazi mafuta kwenye lori, na daftari la madeni lina ukurasa wa mwisho. Muuza unga wa Goma, mwenye boti wa Kalundu na dereva wa Bunagana wakifikia ukurasa huo, hakuna ghala jingine nyuma yao.